Nani Atakaa na Mtoto Mchanga Msimu wa Kulima?

Mvua za kwanza zikinyesha hapa Makutupora, kila mtu anatafuta jembe. Kwetu mvua ni za msimu mmoja tu. Zinaanza Desemba, zinakwisha Aprili. Ukichelewa wiki mbili kupanda uwele, umechelewa mwaka mzima. Basi baba anakwenda shamba. Mama anakwenda shamba. Watoto wamefunga shule, nao wanakwenda shamba.

Lakini katika nyumba nyingine kuna mtu mmoja asiyeweza kushika jembe. Ana umri wa miezi mitatu. Je, huyu atakaa na nani?

Akina mama wengine humfunga mtoto mgongoni na kupalilia naye. Wengine humlaza juu ya kanga chini ya mti. Wengine humwacha nyumbani na dada yake mwenye miaka saba. Dada anaachiwa kikombe cha uji mwepesi. Mtoto akilia, anapewa uji. Akilia tena, anapewa tena. Mama anarudi saa nane mchana, matiti yamejaa maziwa mpaka yanauma, na mtoto amelala kwa kuchoka kulia. Baada ya siku mbili anaharisha.

Labda utasema: bwana shamba anajua nini habari za watoto wachanga? Kazi yake ni uwele, mtama na zabibu. Ni kweli. Lakini mimi natembea mashambani kila siku, na huko shambani ndiko ninakowaona watoto hawa. Tena nimeona jambo jingine. Shamba la mama mwenye mtoto mgonjwa halipaliliwi. Mama anashinda zahanati, magugu yanashinda shambani. Kwa hiyo habari ya mtoto mchanga ni habari ya kilimo pia.

MTUMISHI ANA LIKIZO, MKULIMA JE?

Mwalimu wa shule akijifungua, anapewa likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mama aliyeajiriwa apewe likizo ya uzazi isiyopungua siku 84, na alipwe mshahara wake. Akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, siku zinakuwa 100. Akirudi kazini, aruhusiwe kumnyonyesha mtoto kwa muda wa hadi saa 2 kila siku.

Siku 84 ni wiki 12. Ni karibu miezi mitatu. Kwa muda huo mama yuko nyumbani na mtoto wake, na mshahara unakuja.

Sasa mtazame mama mkulima. Hana mwajiri. Mwajiri wake ni mvua, na mvua haitoi likizo. Akikaa nyumbani miezi mitatu wakati wa palizi, mwaka huo nyumba yake haina chakula. Kama anafanya kibarua katika mashamba ya zabibu, siku asiyofika kazini ni siku asiyolipwa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mama maskini hamwachi mtoto kwa sababu hampendi. Anamwacha kwa sababu ya njaa.

Nchi nyingine nazo zimeliona jambo hili. Huko Finland, mwaka 1985 ilitungwa sheria ya kumlipa mzazi anayemlea mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, badala ya kumpeleka katika nyumba ya kulelea watoto. Huko Marekani, jimbo la Minnesota lilianza mpango wa namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa wazazi wa kipato cha chini wenye watoto wachanga. Hizo ni nchi tajiri. Lakini nchi zenye maskini wengi nazo zilijaribu. Mexico ilianza mwaka 1997, na Brazil ikaanzisha mpango mkubwa mwaka 2003. Kule waliwapa kaya maskini fedha kidogo, kwa sharti kwamba watoto wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa waende shule. Njia hii ya pili ndiyo iliyofika kwetu.

ILIANZA KWA JIRANI ZETU

Wengi mnalijua jina la TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mfuko huu ulianza mwaka 2000. Mwanzoni ulijulikana zaidi kwa majengo: madarasa, zahanati, visima. Fedha za mkononi kwa kaya maskini zilikuja baadaye.

Zilianza kwa majaribio. Wilaya tatu zilichaguliwa: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Chamwino ni jirani zetu hapa, hatuna haja ya kuambiwa ukame wa kule ukoje. Vijiji 80 viliingia katika jaribio hilo. Vijiji 40 vilianza kulipwa, na vijiji 40 vilisubiri ili watafiti waone tofauti. Malipo ya kwanza yalitolewa Januari 2010.

Sharti kwa watoto wadogo lilikuwa kupelekwa kliniki. Je, ilikuwaje baada ya miaka miwili, mitatu? Watafiti walirudi vijijini wakauliza na kuhesabu. Katika kaya zilizolipwa, watoto wadogo waliugua siku chache zaidi kuliko wenzao. Kaya nyingi zaidi zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Watoto wengi zaidi walivaa viatu. Tena kaya hizo zilinunua mifugo, hasa kuku. Taarifa ya utafiti huo ilitolewa mwaka 2014.

Mimi niliposikia habari ya kuku nilifurahi kuliko habari nyingine zote. Nitaeleza kwa nini huko mbele.

Agosti 2012, Rais Jakaya Kikwete alizindua mpango mkubwa hapa hapa Dodoma. Ukaitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kufikia mwaka 2015 zaidi ya kaya milioni moja zilikuwa zimeandikwa. Kipindi cha kwanza hakikufika katika vijiji vyote vya nchi. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020, na safari hii lengo likawa kuvifikia vijiji, mitaa na shehia zote.

TUHESABU PAMOJA

Chukua kalamu na karatasi, tufanye hesabu. Viwango ninavyoandika hapa ni vya kipindi cha kwanza. Katika kipindi cha pili viwango vilibadilishwa.

Kila kaya iliyoandikwa ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi. Hii ilikuwa fedha ya msingi. Kaya yenye watoto iliongezewa shilingi 4,000. Kaya yenye mtoto wa chini ya miaka mitano iliongezewa shilingi 4,000 nyingine, lakini hizi zilikuwa na sharti la kliniki. Kila mtoto wa shule ya msingi aliongeza shilingi 2,000, kwa sharti la mahudhurio ya shule.

Sasa tuseme kuna mama mwenye watoto watatu. Mmoja ananyonya. Wawili wanasoma shule ya msingi. Hesabu yake ni hii:

Fedha ya msingi: 10,000
Fedha ya watoto: 4,000
Mtoto mchanga, kliniki: 4,000
Watoto wawili wa shule: 4,000
Jumla kwa mwezi: 22,000

Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Kwa hiyo siku ya malipo mama huyu alipokea shilingi 44,000.

Je, fedha hizi zinatosha kumfanya mama asiende shamba kabisa? Hapana. Mtu asikudanganye. Si mshahara, wala si likizo ya siku 84. Lakini zinaweza kununua unga wa wiki ngumu. Zinaweza kumlipa kijana wa kupalilia nusu eka. Mama akipata mtu wa kupalilia nusu eka, anapata siku kadhaa za kukaa na mtoto. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya fedha hii katika nyumba yenye mtoto mchanga. Inanunua siku za mama.

Hapa nina neno kwa akina baba. Mara nyingi aliyeandikwa kupokea fedha alikuwa mama, kwa sababu mama ndiye anayejua sufuria limebaki na nini. Baadhi ya wanaume waliona kama wameonewa. Ndugu yangu, fedha ya mtoto mchanga haina haja ya kupita mfuko wa baba. Wewe pitia shambani. Kama mke wako amejifungua Novemba, wewe ndiwe mwenye jembe mbili mwaka huo.

KADI YA KLINIKI NDIYO SHAHIDI

Sharti la kliniki lilikuwa hivi. Mtoto tangu kuzaliwa mpaka miaka miwili apelekwe kliniki kila mwezi. Mtoto wa miaka miwili mpaka mitano apelekwe kila baada ya miezi sita. Mama mjamzito naye ahudhurie kliniki. Asiyetimiza sharti alikatwa fedha ya sehemu hiyo.

Wengine wanalalamika kwamba sharti ni usumbufu. Lakini tazama kinachofanyika kliniki. Mtoto akizaliwa anachanjwa chanjo ya kifua kikuu, na anapewa matone ya polio. Akifika wiki 6, wiki 10 na wiki 14 anapata chanjo za kumkinga na kifaduro, pepopunda, dondakoo, nimonia na magonjwa mengine. Akifika miezi 9 anachanjwa surua na rubela, na akifika miezi 18 anachanjwa tena. Kuanzia miezi sita anapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Tena kila mwezi anapimwa uzito.

Uzito ndio jambo ambalo watu wengi wanalidharau. Muuguzi anaweka alama katika kadi. Alama zikipanda, mtoto anakua. Alama zikilala sawa kwa miezi miwili, kuna jambo. Zikishuka, usisubiri mwezi ujao. Mkulima anafahamu vizuri habari hii. Ukiona mtama umesimama pale pale kwa wiki tatu, huendi nyumbani kulala. Unachunguza kama ni wadudu, au kiduha, au maji.

Kuna pia utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, utepe uko kwenye nyekundu, na mtoto ana utapiamlo mkali. Huyo apelekwe kutibiwa siku hiyo hiyo.

Na matibabu yake? Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano zitolewe bila malipo katika vituo vya serikali. Hii ni haki ya kila mtoto, awe wa kaya iliyoandikwa au isiyoandikwa. Tunajua kwamba mara nyingine dawa huwa hazipo. Lakini usikae nyumbani na mtoto mwenye homa kwa kuogopa kwamba utatozwa.

MIEZI SITA YA MAZIWA YA MAMA

Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka afike miezi sita. Hakuna uji. Hakuna maji. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, hata katika jua la Dodoma la Oktoba. Utafiti wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miezi sita, 64 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama tu. Wale 36 waliobaki walipewa na vitu vingine. Wengi wa watoto hao nadhani mama zao wangependa kunyonyesha, lakini walikuwa shambani.

Kama ni lazima kwenda shamba, iko njia. Mama anawe mikono kwa sabuni, akamue maziwa katika kikombe safi, akifunike na kukiweka mahali pa baridi karibu na mtungi. Maziwa hayo yanyweshwe kabla muda wa saa 4 haujapita. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, asinyweshwe kwa chupa, maana chupa ni ngumu kusafisha. Mpalilie karibu kwanza. Shamba la mbali aende mwingine. Na huyo anayeachiwa mtoto awe mtu mzima. Bibi akiwepo, bibi akae nyumbani, jembe lake libebwe na kijana. Mtoto wa miaka saba hajui kwamba mtoto anayeharisha anaweza kufa kwa kukaukiwa maji.

Utafiti huo wa mwaka 2022 ulionyesha pia kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34. Tumesogea, lakini bado. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake, na akili yake nayo inaweza kuchelewa. Wataalamu wanasema siku 1,000 za mwanzo ndizo kubwa. Hesabu siku 270 za mimba, ongeza siku 365 za mwaka wa kwanza, ongeza 365 za mwaka wa pili. Utapata 1,000. Katika siku hizo zote msimu wa kulima utapita mara mbili au mara tatu.

BAADA YA MIEZI SITA, ANGALIA KARANGA

Akifika miezi sita mtoto aanze chakula, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili. Uji uwe mzito. Ukiinamisha kijiko, uji usikimbie kama maji. Unga wa uwele au mtama ni mzuri sana, usione aibu kwamba si mahindi. Nafaka moja na karanga inatosha. Huna haja ya kusaga nafaka saba pamoja, kama wengine wanavyofundishana. Ongeza kijiko cha mafuta ya alizeti. Ongeza yai ukiwa nalo. Baadaye mpe ugali laini na mlenda. Ubuyu tunao hapa hapa, na mibuyu haiombi mbolea.

Lakini hapa kwenye karanga nitasimama kidogo, maana hii ndiyo kazi yangu.

Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mkoa wetu wa Dodoma, wilaya za Chemba na Kondoa, na katika wilaya ya Kiteto mkoani Manyara. Macho na ngozi viligeuka rangi ya manjano, matumbo yakavimba. Wengi wao walikuwa watoto. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikula nafaka yenye sumukuvu. Sumu hii inatoka kwa ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizolowana au zilizohifadhiwa mbichi. Kupika hakuiondoi. Kukaanga hakuimalizi. Ukiitia katika uji wa mtoto, unamnywesha sumu kwa kijiko, ukidhani unamlisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Vuna karanga zikikomaa, usizichelewe. Zianike juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Anua kabla ya umande. Zikikauka, ukitikisa ganda utasikia zinagonga ndani. Hifadhi juu ya chaga, mbali na ukuta. Kabla ya kusaga, kaa chini na ungo uchambue moja moja. Toa iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, yenye ukungu. Usimpe kuku hizo ulizotoa, na usizisage kwa ajili ya pombe. Zifukie. Najua inauma kufukia chakula. Lakini nusu kibaba cha karanga mbovu si mali.

KUKU NI KAZI YA NYUMBANI

Nilisema nitarudi kwenye kuku. Sababu ni hii. Mama mwenye mtoto mchanga anahitaji kazi inayofanyika karibu na nyumba. Ng'ombe wanataka mchungaji. Zabibu zinataka kushinda shambani na mkasi wa kupogolea. Kuku wanazunguka uani. Mama anaweza kuwatazama huku ananyonyesha. Mayai mengine yanakwenda kwa mtoto akifika miezi sita, mengine yanatotolewa, na jogoo mmoja anauzwa siku ya shida.

Anza na majike matatu na jogoo mmoja. Adui yao mkubwa ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Huja na kusafisha banda lote kwa wiki moja. Chanjo yake ipo, ni tone moja tu katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Jirani kumi mkichangia chupa moja, gharama inakuwa ndogo sana. Mkitaka, njooni mniambie tupange siku ya kuchanja kitongoji kizima. Banda liwe la juu, lenye kupitisha hewa, na lijengwe kando. Kuku wasilale chumba kimoja na mtoto, maana kinyesi chao kinamletea kuhara.

Ukiwa na maji ya kuogea mtoto, usiyamwage barabarani. Yamwage katika shimo la mchicha au majani ya kunde nyuma ya nyumba. Hapa Makutupora tuna maji mengi chini ya ardhi, mji wa Dodoma unayanywa tangu zamani, lakini kila ndoo inayofika nyumbani imebebwa na mtu.

"FEDHA ZA BURE ZINALETA UVIVU"

Nimelisikia neno hili mara nyingi, hata vilabuni, na wanaolisema mara nyingine wameshika kata ya pombe mkononi. Tulijibu kwa haki. Hofu hii si ya kwetu tu. Mwaka 2014 watafiti wawili, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti za nchi nyingi kuhusu fedha wanazopewa maskini. Waliona kwamba, kwa jumla, fedha hizo haziongezi ulevi wala tumbaku. Na wale wa Chamwino, Kibaha na Bagamoyo mmesoma walinunua nini.

Tena mpango huu ulikuwa na sehemu ya kazi. Zilikuwepo kazi za muda, kama kuchimba malambo, kutengeneza barabara na kupanda miti. Katika kipindi cha kwanza ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Zidisha 2,300 kwa 60. Utapata shilingi 138,000. Kazi hizo zilipangwa wakati ambao si wa kilimo. Kaya yenye mtoto mchanga haina haja ya kumtuma mama. Amtumwe mtu mzima mwingine wa kaya hiyo mwenye nguvu.

Lalamiko ambalo ni la kweli ni jingine. Ni kuandikwa kwa wasiostahili na kuachwa kwa wanaostahili. Mwaka 2016 serikali ilihakiki orodha na kuondoa maelfu ya kaya ambazo hazikustahili kuwemo. Kwa nini ziliingia? Sehemu moja ya jibu iko kwetu wenyewe. Majina yalitajwa katika mkutano wa hadhara. Kisha kaya zikadodoswa kwa fomu, juu ya nyumba, mifugo na chakula. Kisha orodha ikarudishwa mkutanoni isomwe na kukubaliwa. Sasa siku ya mkutano watu wengine walikuwa mnadani. Mama mwenye mtoto mchanga na asiye na mume alikuwa nyumbani, hakuna aliyemtaja. Orodha ikisomwa tena siku nyingine, nenda ukae mbele. Usipoweza kwenda, mwombe jirani akutaje. Ukiona jina la mwenye ng'ombe ishirini, simama useme, taratibu, bila matusi. Mkutano huo ni wako.

MTOTO ALIYEZALIWA JUZI

Kuna kaya zinazopoteza haki bila mtu kuzidhulumu. Kaya iliandikwa ikiwa na watoto wawili. Baadaye akazaliwa wa tatu. Mama hakutoa taarifa. Katika orodha huyo mtoto hayupo. Kliniki yake haiulizwi, na fedha yake haihesabiwi.

Mtoto akizaliwa, au mtu akihama, au akifariki, taarifa za kaya hubadilishwa. Mwone mjumbe wa Kamati ya Usimamizi ya Jamii, au Afisa Mtendaji wa mtaa au kijiji chako. Nenda kabla ya siku ya malipo, usingoje foleni ianze. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, na cheti cha kuzaliwa kama umekipata. Hakikisha jina la mtoto limeandikwa sawa katika kadi na katika fomu. Kama katika kadi ni Neema, katika fomu isiwe Nema. Sasa unajua kusoma, soma mwenyewe kabla ya kuweka sahihi. Ukiambiwa uweke dole gumba, sema utaandika jina lako.

Kadi yenyewe itunze. Itie katika mfuko wa nailoni, uifunge, uiweke juu mahali ambapo mchwa, panya na maji ya mvua havifiki. Wakati wa masika paa la tembe huvuja pembeni, kwa hiyo usiichomeke kwenye dari karibu na ukuta.